Soli ya Mguu wa Kushoto

Arusha, Jumatatu, 8 Julai 1912

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu nimwoe Naipanoi, na bado kila nikiamka naangalia kwanza kama kweli yupo. Yupo. Amejikunja kama paka kwa baridi ya Meru, nami niliyezaliwa kwenye joto la Pangani naishukuru baridi hii kuliko neema nyingine zote. Siku ya ndoa mwalimu wa msikiti alimpa jina la Zamda. Nimejaribu kulizoea, lakini ninapompenda sana mdomo wangu humwita Naipanoi, na kwa kuwa nampenda sana kutwa nzima, Zamda bado halijapata nafasi.

Daftari hili nilizawadiwa nilipomaliza shule Tanga. Nimelitunza miaka mitatu nikingoja jambo la kuandika. Jambo limekuja, tena limekuja na mtoto.

Mtoto ni Sinyati, binti wa marehemu Lerionka, mume wa kwanza wa Naipanoi. Ana miaka mitano. Tangu wahamie kwangu huku njia ya Kijenge sijamwona akitembea. Ama amelala, ama anakimbia. Ananiita Mwalimu, kama watoto wote ninaowafundisha kusoma. Naipanoi anasema nisiwe na haraka. Sina haraka. Nasikiliza tu kila anaponiita, nione kama amebadili.

Jumapili, 14 Julai

Amekuja Koko. Ndivyo watu wa hapa wanavyomwita bibi, na huyu ni mama yake marehemu Lerionka. Ametoka Olmotonyi kwa miguu, amebeba kibuyu cha maziwa. Sinyati alikimbia akainamisha kichwa, Koko akamgusa utosini, kisha bila hata kunywa maji akaketi chini, akauvuta mguu wa mtoto mapajani, akachomoa mwiba kwenye mshipi wake wa ngozi. Akatoa funza wawili. Kidole kidogo cha mguu wa kulia hakina ukucha. Funza waliula mwaka jana, Naipanoi alipokuwa amepanga karibu na kambi ya wapagazi.

Nilimpa shikamoo. Aliipokea kama mtu anayepokea sarafu asiyoijua.

"Mwalimu," akasema, maana Kiswahili chake ni kidogo lakini kinachoma, "Naipanoi mtu mzima. Amechagua. Huyu hajachagua. Huyu wa nyumba ya mwanangu."

"Koko, nampenda kama wangu."

"Sikuuliza unapenda nini. Vumbi la mji wenu limejaa funza wa wapagazi. Mvua ya kwanza ikinyesha nakuja kutazama miguu. Ikiwa mizima, anakaa. Ikiwa imeoza, naondoka naye siku ileile."

Nilimgeukia mke wangu nikitumaini atanitetea. Alikuwa anamwaga maziwa kwenye sufuria, polepole sana.

Koko alipoondoka, Naipanoi akasema, "Ni haki yake, Hatibu. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Kuniachia tu mpaka leo ni hisani."

Kiangazi chote kiko mbele yetu. Mwanamke yule simpendi, Mungu anisamehe. Lakini nimeshapata jibu, na jibu ni viatu.

Jumanne, 16 Julai

Nimepata! Dukani kwa Mhindi, buti ndogo nyeusi zenye vifungo, zilizoagizwa kwa mtoto wa mlowezi ambaye familia yake imekwisha kurudi kwao. Zimemkaa sawasawa. Naipanoi alipiga makofi. Jinsi anavyopiga makofi mke wangu! Kama njiwa wawili wanaoruka kwa pamoja.

Jumatano, 17 Julai

Vumbi.

Jumapili, 21 Julai

Buti moja imekwenda na maji. Alizivua ili apande mringaringa ulio ukingoni mwa mto Themi, akazitundika tawini, moja ikadondoka. Iliyobaki anabebea viluwiluwi vya vyura.

"Kwa nini ulizivua?" nikamwuliza.

"Miti haipandwi na viatu, Mwalimu. Hujui?"

Naipanoi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, lakini nilitazama juu. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kuazima.

Ijumaa, 2 Agosti

Kila jioni kabla jua halijazama Naipanoi humlaza Sinyati kifudifudi mapajani na kumkagua nyayo, kidole kwa kidole, na sindano mkononi. Mtoto hulia kabla hajaguswa. Jana walitoka watatu. Sipendi kutazama. Natoka nje, nasimama kwenye migomba, nahesabu miezi iliyobaki kabla ya vuli.

Leo tumekwenda kwa Solomoni, fundi aliyejifunza kushona viatu kwa Makaburu. Alitandika ngozi akamwambia mtoto asimame amchore mguu. Akainama kuchukua mkaa. Alipoinuka mtoto hakuwepo.

"Mwalimu, nimeshona viatu vya watu wenye mguu mmoja," akasema Solomoni, "lakini hata wale walisimama."

Tulimpa kipande cha muwa. Alisimama mpaka muwa ulipokwisha, ndiyo kusema mguu mmoja na nusu. Nusu nyingine Solomoni amekisia.

Ijumaa, 9 Agosti

Viatu tayari! Ngozi ya ng'ombe, vimetiwa mafuta ya kondoo mpaka vinang'aa. Mtoto amekimbia navyo tangu adhuhuri hadi magharibi, wala havikulegea. Alipotaka kuingia ndani nikamfundisha adabu ya kwetu pwani: viatu huvuliwa mlangoni. Akavipanga vizuri, kimoja kando ya kingine, akanitazama nimsifu. Nikamsifu sana.

Jumamosi, 10 Agosti

Fisi amevichukua viatu.

Naipanoi alisimama kizingitini asubuhi, mkono kiunoni. "Mume wangu, umepaka ngozi mafuta ya kondoo, ukaiweka nje, Arusha?"

"Kwetu Pangani..."

"Kwenu Pangani fisi wanakula samaki. Hapa hata mtoto anayenyonya anajua ngozi hulala ndani."

Sinyati alikuwa amekwisha kufuata nyayo za fisi peku, mpaka shambani kwa jirani. Jioni walitoka wanne.

Jumatano, 14 Agosti

Ramadhani imeingia. Naipanoi anafunga kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mchana ananitazama kwa macho makubwa ya mtu anayedhulumiwa, magharibi anakula kama askari. Nampenda hata sijui niandikeje.

Jumatatu, 26 Agosti

Upepo. Vumbi limeingia hata kwenye uji. Watoto wawili darasani wanakanyaga kwa visigino tu. Nikiwaona namwona Sinyati wangu, na nikimwona Sinyati namwona Koko akishuka njia ya Olmotonyi.

Ijumaa, 13 Septemba, Idi

Siku hii niikumbuke hata nikizeeka. Solomoni amemshonea viatu vya Kikaburu kwelikweli: vimefunga mguu wote, soli mbili mbili, na kamba ya ngozi inayozunguka kifundo na kufungwa kwa nyuma, fundo ambalo mkono wa mtoto hauwezi kulifikia. Hawezi kuvivua, hawezi kuvitundika, na usiku vinalala ndani juu ya kabati.

Naipanoi alivaa kanga niliyomnunulia. Tulitembea watatu barabarani kusalimia watu, na Shomari, mwenzangu wa shuleni, akaniita pembeni. "Hatibu, ulikuja huku na sanduku moja. Sasa tazama!" Nilitazama. Nilikuwa tajiri.

Jumatano, 18 Septemba

Jioni Naipanoi alishika sindano kama kawaida, Sinyati akamponyoka, akaja mbio akajificha nyuma ya kanzu yangu.

"Baba! Baba, mwambie mama asinichokoe. Mimi nina viatu!"

Baba!

Miezi mitatu nimelingojea neno hilo. Kama angeniomba mlima Meru ningekwenda kuuchimba. Nikamwambia Naipanoi, "Mwache. Mtoto mwenye viatu hachokolewi kila siku kama mtoto wa mpagazi. Viatu vile tumeshona vya nini?"

"Funza hajui kusoma, Hatibu. Hajui nani ana viatu."

"Mwache mke wangu. Nimesema."

Akachomeka sindano kwenye paa la nyasi, akaenda kupakua chakula. Sinyati alikaa mapajani mwangu na viatu vyake.

Alhamisi, 19 Septemba

Ameniita Baba tena. Mara mbili.

Ijumaa, 27 Septemba

Soli ya kushoto imelika ukingo wa nje, siku kumi na nne tu. Ya kulia kama mpya. Nilikwenda kwa Solomoni nikiwa nimekasirika.

"Umeshona kimoja kwa ngozi ya tumboni," nikamwambia.

Akaigeuza soli, akaipitisha kidole. "Ngozi ni moja, Mwalimu, nimekata sambamba. Soli hailiki upande mmoja yenyewe. Mtazame mtoto anavyokanyaga."

"Anakanyaga kama watoto wote. Anakimbia."

"Basi mtazame anapoacha kukimbia."

Mafundi wote wana maneno mazuri kazi zao zinapoharibika. Amebandika kiraka, nimeondoka.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kiraka nacho kinaisha, palepale. Joto. Meru imejificha kwenye ukungu wa vumbi, hata kilele hakionekani.

Jumatano, 9 Oktoba

Habari njema: mtoto ametulia! Leo nilimchukua shuleni akakaa kimya kwenye mkeka somo zima. Hata kiraka cha pili cha Solomoni hakijalika. Shomari anasema ni malezi. Nami, bila kujisifu, naona ni malezi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sinyati amekuwa na tabia mpya. Anakwenda mwenyewe kwenye mfereji na kurudi akisema, "Nimeshanawa." Na usiku hataki nimfungue viatu, anataka kulala navyo. Nilimwambia Naipanoi, "Unaona anavyovipenda?"

Hakucheka. "Mtoto huyu simjui," akasema.

"Amekua tu."

"Nimemzaa mimi. Hakuzaliwa wa kukaa kwenye mkeka." Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Nilitaka kumkagua jana. Akaniambia, Baba amesema."

Tulilala bila kuongea, mara ya kwanza tangu tuoane. Jambo dogo hilo, najua. Lakini nimeamka alfajiri kuliandika.

Jumatano, 16 Oktoba

Mawingu upande wa mlima. Wanawake wamekimbilia kuandaa mashamba. Mimi peke yangu ndiye naomba mvua ichelewe, na sijui kwa nini naomba hivyo, kwani mtoto ana viatu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimetulia kidogo, naweza kuandika.

Asubuhi Sinyati hakuamka. Nilimshika paji la uso, moto. Naipanoi akafunua shuka. Alikuwa amelala na viatu. Akaanza kufungua fundo la kushoto, mtoto akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe, akanishika shingo, akasema, "Baba, mwambie, nina viatu, nina viatu."

Kamba ilikuwa imekauka. Nikaikata kwa kisu. Kiatu kilipotoka tulipata harufu kabla ya kuona. Chini ya kidole gumba, nyama nyeusi, imevimba, na vifuko vyeupe vya mayai ya funza vimepangana kama punje za uwele. Wengine kisiginoni. Ndani ya kiatu vumbi la kujaza kiganja. Kile kiatu nilichokilaza juu ya kabati kama msahafu kilikuwa nyumba yao.

Naipanoi hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Alisema tu, "Chemsha maji, tia chumvi." Nikachemsha.

Nilimwuliza mtoto, "Kwa nini hukusema, mwanangu? Iliuma tangu lini?"

"Tangu baada ya Idi."

"Kwa nini basi?"

"Nikisema mguu umeoza, Koko atanichukua."

Alikuwa anasikia siku ile ya kibuyu cha maziwa. Sisi tulidhani anacheza.

Sasa naelewa soli. Kidole gumba kilikuwa kinamwuma, akaukwepesha mguu, akakanyaga ukingo wa nje, siku baada ya siku, akikimbia hivyohivyo ili tusijue, mpaka aliposhindwa kukimbia, nami nikaandika hapa kwa mkono wangu: habari njema. Nimeurudia ukurasa ule. Nilitaka kuuchana. Nimeuacha.

Naipanoi ametoa wanne wa juu. Wa chini ya kidole anaogopa. Wamezama sana, na nimesikia shuleni kwamba vidonda vya namna hii hufunga meno ya mtu akafa. Kila saa namwambia mtoto afungue mdomo. Anafungua. Mchana umekuwa mzito, hakuna jani linalotikisika.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua ilianza alfajiri, matone makubwa yanayochimba vumbi. Nilikaa mlangoni nikaitazama njia. Kabla ya adhuhuri akatokea, ngozi iliyokunjwa kichwani, analowa wala haharakishi.

Hakuna aliyemwamkia. Aliingia, akatazama godoro, akavishika viatu viwili vilivyokuwa sakafuni. Akageuza soli ya kulia. Akageuza ya kushoto. Akaipitisha kidole kama alivyofanya Solomoni.

"Lini?" akauliza.

"Kiraka cha kwanza, mwisho wa mwezi uliopita," nikasema.

"Hapa imeandikwa. Wewe mwalimu. Hukusoma?"

Akaketi, akaweka mguu mapajani. Alinituma ugoro kwa jirani, akamtuma Naipanoi maji mengine ya moto. Kisha akafanya kazi. Alikuwa akimwimbia kitu kwa Kimaa, sauti ya chini, na mwiba ukizunguka kila kifuko bila kukipasua, kimoja, kingine, kingine. Mikono ya mwanamke yule! Nimeandika hapa kwamba simpendi. Nilikuwa nimemshika mtoto mabega, machozi yananidondokea ndevuni, na nikajua kwamba miezi yote hii yeye ndiye peke yake aliyekuwa ameuliza swali sahihi: miguu ikoje. Wakatoka kumi na mmoja. Akajaza ugoro kwenye mashimo, akafunga kwa kitambaa.

"Kidole kitabaki," akasema. "Ukucha hautabaki."

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha na maneno ya kumwomba. Yalipofika mdomoni yakawa mengine.

"Koko, kosa si la Naipanoi. Alitaka kumkagua, mimi nikamkataza, kwa sababu mtoto aliniita baba. Kama kwako miguu yake itakuwa salama, mchukue. Leo au atakapopoa. Sitasimama mlangoni."

Naipanoi akafunika uso kwa kanga. Koko akaitazama miguu yangu. Nikasikia maji yakitiririka kutoka kwenye nyasi za paa.

"Vua," akasema.

"Nini?"

"Viatu vyako. Vua, lete mguu."

Mimi, mwalimu, mume wa mtu, niliweka mguu mapajani mwa mkwe asiye mkwe wangu. Akanitenganisha vidole. Akatoa mmoja. Akaenda mguu wa pili, akatoa mwingine, akanionyesha kwenye ncha ya mwiba.

"Mtu mzima," akasema, "na soksi."

Kutoka godorini tukasikia kicheko kidogo, cha homa, lakini kicheko. Halafu Naipanoi naye, ndani ya kanga. Koko hakucheka. Alifungua ngozi aliyokuja nayo, kipande cha mgongo wa fahali, kinene kama ubao.

"Nilileta hii nimkatie makubazi ya njia, ya kwenda kwangu," akasema. "Sikati leo. Leo atasimama tuli, anaumwa. Nitakata siku atakayoshindwa kusimama tuli. Siku hiyo nitasema anakwenda au anakaa."

Jumatatu, 21 Oktoba

Homa imeshuka. Mdomo unafunguka. Koko analala karibu na jiko na hupika bila kuuliza. Kila jioni miguu sita mapajani mwake kwa zamu: ya mtoto, ya Naipanoi, yangu. Shomari alipita akaniona hivyo. Nikamwambia avue.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua. Amesimama, ameegemea ukuta. Koko aliweka ngozi chini akamwita juu yake. Alisimama tuli. Koko akaikunja ngozi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Amesimama tuli.

Jumapili, 27 Oktoba

Koko alitandika ngozi nje penye jua, akashika mkaa. Sinyati akapanda. Mguu wa kulia ukachorwa. Wa kushoto ulipofikia kisigino, kuku wa jirani akapita na mdudu mdomoni. Tulichosikia ni kelele za kuku tu. Mstari wa mkaa ulitoka kisiginoni ukaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa ngozi.

Naipanoi alinishika mkono akaniumiza. Koko aliutazama mstari ule.

"Sasa nakata," akasema.

Alikata mapana, penye nafasi ya kukua, yenye mikanda mitatu, wazi juu, kila kidole kinaonekana. Mtoto anaweza kuyavua mwenyewe. Alipomaliza akanipa mwiba wake, si Naipanoi, mimi.

"Anakaa," akasema. "Jioni wewe ndiye unayetazama. Yeye akilia, unatazama. Akikuita baba, unatazama zaidi. Na mvua ikikatika aje kwangu kwa miguu yake, arudi kwa miguu yake."

Nilitaka kubusu mkono wake kama kwetu. Nikakumbuka, nikainamisha kichwa. Akanigusa utosini.

Jumatatu, 28 Oktoba

Koko ameondoka asubuhi. Sinyati alimsindikiza akikimbia mbele yake, akirudi, akikimbia tena, nadhani alifika darajani mara nne wakati bibi yake amefika mara moja.

Jumapili, 10 Novemba

Mahindi yameota. Naipanoi ananitania kwamba naandika funza kuliko ninavyomwandika yeye, basi niandike: nampenda, na siku hizi akisema jambo nasikiliza mpaka mwisho.

Jioni hii Sinyati alilia kabla sijamgusa, akaniita Baba mara tatu, nikatazama zaidi. Hakuna kitu. Nikayaokota makubazi yake niyaingize ndani, nikayageuza. Wiki mbili tu, na tayari yameanza kulika.

Yamelika yote mawili, kotekote, sawasawa.